Modemu ya 4G iliyolala ndani ya laptopu yako: namna ya kuiamsha kwenye Linux

Kisumu saa tisa jua linawaka, saa kumi wingu limeshuka kutoka milima ya Nandi, radi inapiga mara moja na stima imeenda. WiFi ya ofisini inazimika papo hapo kwa sababu kisanduku chake hakina betri. Laptopu bado ina chaji ya saa tatu. Wengi hapo huwasha hotspoti ya simu, na baada ya saa moja simu yenyewe inaomba chaja.

Kumbe laptopu nyingi tunazonunua huku, zile za ex-UK zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya Oginga Odinga Street, zilitengenezewa wafanyakazi wa maofisi ya Ulaya waliokuwa safarini kila siku. Baadhi yake zina tundu la laini ya simu na modemu kamili ya 4G ndani. Mwenyewe hajui, na muuzaji naye hajali. Mwalimu mmoja wa Luanda aliniletea ThinkPad X260 ambayo alikuwa ameitumia miezi minane akiwa na Ubuntu, moja ya aina za Linux. Dukani alikuwa ameambiwa, "Hilo tundu ni la Windows tu, mwalimu, usijisumbue." Tulimaliza kazi kabla chai haijapoa, ila mimi nilikuwa nimeshapoteza Jumamosi mbili kwenye laptopu yangu mwenyewe kabla ya hapo.

Zile Jumamosi mbili zilipotea kwa sababu nilidhani tatizo ni draiva. Nikapakua hiki, nikakusanya kile, nikabadilisha Ubuntu kwa Fedora na kurudi. Draiva ilikuwepo tangu mwanzo. Modemu za ndani hukwama kwa mambo machache tu: kadi ya modemu haimo, antena haijachomekwa, BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka) imeizima, laini ina PIN, au kadi imefungwa kufuli la kiwandani. Yapitie kwa mpangilio, wala usisakinishe chochote kutoka tovuti usiyoijua.

Kwanza jua kama una modemu kweli

Tundu la laini si ushahidi. Watengenezaji hutoboa ganda moja kwa modeli nzima, kisha kadi huwekwa kwa aliyeilipia peke yake. Fungua terminali uandike:

`lsusb`

Tafuta mstari wenye jina kama Sierra Wireless, Huawei, Ericsson, Quectel au Fibocom. Kwa mwalimu wa Luanda palikuwa na `1199:9079`, yaani Sierra Wireless EM7455 iliyotolewa kwa ajili ya Lenovo. Ziandike hizo namba mbili zenye nukta pacha katikati, tutazihitaji baadaye. Laptopu za HP na Dell mara nyingine huonyesha jina la kampuni ya laptopu badala ya aliyeitengeneza kadi, basi usikate tamaa kwa kukosa jina unalolijua. Kama `lsusb` haina kitu, jaribu `lspci`, kwa kuwa kadi za karibuni huunganishwa kwa njia hiyo.

Ukiona `8086:7360` kwenye `lspci`, hiyo ni Fibocom L850-GL, ambayo utaikuta sana kwenye ThinkPad za kizazi cha T480. Hiyo imewaliza wengi. Kwa miaka mingi iliendeshwa na draiva ya watu wa kujitolea iliyo nje ya Linux yenyewe, na kila sasisho la mfumo lilikuwa na uwezo wa kuivunja. Kama laptopu bado hujailipia, mwombe muuzaji akuruhusu uiwashe kwa flashi yenye Linux uangalie `lspci` hapo hapo kaunta. Akikataa, ingia duka la jirani.

Pande zote mbili zikiwa tupu, ingia BIOS kabla hujashika bisibisi. Kwenye ThinkPad ni F1 wakati wa kuwaka, kisha Security, kisha I/O Port Access, hakikisha Wireless WAN, ndiyo hiyo modemu, imeruhusiwa. Ofisi nyingi za Ulaya zilikuwa zikiizima kwa sababu za usalama, na laptopu huja kwetu ikiwa vile vile. HP EliteBook zina mpangilio mwingine wa kuudhi unaozima modemu mara waya wa mtandao unapochomekwa, uzime huo.

Kufungua mfuniko wa chini

Hatua hii ni ya ambaye hakuona kadi, au ataona baadaye kuwa mtandao ni hafifu kupita kiasi. Chomoa chaja. ThinkPad yenye betri ya ndani ina mahali kwenye BIOS, Config kisha Power, pa kuilaza betri hiyo. Usiiruke hatua hii, maana bisibisi iliyoteleza kwenye ubao wenye umeme ni hasara ya kutwa nzima.

Ndani utaona nafasi ya M.2, aina ya soketi ya kadi ndogo, yenye upana wa milimita 30 na urefu wa 42, karibu na mahali waya mbili nyembamba zinapoishia. Nafasi ikiwa tupu na waya zipo zimefungwa kwa plastiki au gundi, una bahati: unaweza kununua kadi na kuipachika. Waya zisipokuwepo kabisa, antena hazikuwekwa kiwandani, na kuzipitisha ndani ya fremu ya skrini ni kazi ambayo mimi huikataa. Mwenye laptopu ya namna hiyo namshauri anunue modemu ya USB.

Ukinunua kadi, kumbuka mambo mawili. Lenovo huwa na orodha ya kadi inazozikubali ndani ya BIOS. Ukiweka ngeni, mashine itagoma kuwaka na kuandika `1802: Unauthorized network card is plugged in`. Haijaharibika, iondoe tu kadi. La pili ni bendi, yaani masafa ya redio ambayo mtandao hupitia. 4G ya Safaricom hupita kwenye bendi ya 20, yaani MHz 800, na bendi ya 3, MHz 1800. Ile ya 800 ndiyo inayofika mbali vijijini. EM7455 inazo zote mbili. Dada yake EM7430, iliyotengenezwa kwa soko la Asia na Pasifiki, haina bendi ya 20; itafanya kazi mjini Kisumu, kisha ukifika nyumbani bondeni inatafuta mtandao hadi betri inaisha. Kwa macho zinafanana kama pacha, basi soma kibandiko.

Viungio vya antena ni vidogo kuliko punje ya mtama. Viweke sawa juu ya kitufe chake, kisha bonyeza kwa ukucha mpaka usikie mlio mdogo. Ukilazimisha kikiwa upande, kitapinda, na hapo umenunua antena nyingine.

Laini

Tumia laini ya data peke yake, si ile ya M-Pesa yako. Laini ikiwa ndani ya laptopu, ujumbe wa fedha na namba za siri za benki zitaingia huko, na simu haina habari. Isajili kwa kitambulisho kama kawaida, iweke kwenye simu kwanza, nunua bando, hakikisha inafungua ukurasa. Hapo umeshaondoa nusu ya maswali: likitokea tatizo, si laini.

Ukiwa bado na laini kwenye simu, ondoa PIN yake. Ukiisahau hatua hii, amri ni `mmcli -i 0 --pin=1234 --disable-pin`, ukiweka PIN yako mahali pa 1234 (`mmcli` ni amri ya ModemManager, tutaifikia hapo chini). Una majaribio matatu. Ukikosea yote, laini inadai PUK, nayo imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki ulichokitupa siku ya kwanza.

Zima laptopu kabisa ndipo uichomeke laini. Tundu hukaa pembeni, nyuma, au chini ya betri kwenye modeli za zamani. Pima saizi kabla: laini iliyokatwa kuwa nano ukiichomeka kwenye tundu la micro bila fremu yake, itazama ndani na hutaitoa bila kufungua mashine. Nimezitoa nne mwaka huu.

Programu

Ubuntu, Mint, Debian na Fedora za kawaida tayari zina ModemManager na NetworkManager. Mmoja huzungumza na modemu, mwingine hushughulika na muunganisho. Utakachoongeza ni vifaa vya lugha mbili za modemu hizi, QMI na MBIM:

`sudo apt install modemmanager libqmi-utils libmbim-utils`

Kwenye Fedora badilisha `apt` kwa `dnf`, na jina la kwanza liwe `ModemManager`. Basi, hakuna zaidi. Draiva zenyewe, `cdc_mbim` na `qmi_wwan`, zimo ndani ya Linux na hujipakia. Ukitaka kuziona kwa macho, `lsusb -t` itakuonyesha ni ipi iliyoshika kadi yako, na `ls /dev/cdc-wdm*` itaonyesha mlango wa kuzungumzia.

Waliotumia Linux miaka ya 2000 hapa watatabasamu. Laptopu za wakati ule zilikuwa na modemu ya waya wa simu ambayo nusu yake ilikuwa programu ya Windows. Kadi yenyewe haikujua kupiga namba bila prosesa kuifanyia hesabu zote. Kuziwasha ulitafuta `slmodemd` au draiva ya Linuxant, na ile ya bure ya Linuxant ilikufunga kwenye kilobiti 14.4 kwa sekunde hadi ulipie. Kadi za 4G haziko hivyo. Zina kompyuta yao ndogo ndani na hufanya kazi yao zenyewe, kwa hiyo Linux inahitaji kuzipa amri tu.

Sasa uliza:

`mmcli -L`

Jibu likiwa na jina la kadi, endelea na `mmcli -m any`. Utapata jedwali refu, usiogope, angalia mistari mitatu. `state` ikiwa `failed` na sababu `sim-missing`, laini imekaa vibaya au kichwa chini. Ikiwa `locked`, ni PIN. Ikiwa `disabled` na `power state` ni `low`, jaribu kuiwasha:

`sudo mmcli -m any --enable`

Ikikubali, ruka hadi kwenye APN, yaani jina la lango la data la kampuni ya simu. Ikijibu kwa maneno `Invalid transition`, umefika mahali Jumamosi zangu mbili zilipozikwa.

Kufuli la kiwandani

FCC ni mamlaka ya Marekani inayosimamia mawasiliano ya redio. Kwao, laptopu, kadi na antena huidhinishwa pamoja kama kifaa kimoja, ili mtu asihamishe kadi kwenda mashine isiyopimwa ikarusha mawimbi kupita kiasi. Watengenezaji wakatafuta njia ya kutii: kadi huwaka ikiwa imefunga kisambazi chake, na haifunguki mpaka programu ya laptopu iipe neno linalotakiwa. Kwenye Windows draiva hulitamka kimya kimya kila ukiwasha. Ndiyo maana yule muuzaji aliamini tundu ni la Windows tu. Alichokiona kilikuwa kweli, sababu yake ndiyo hakuijua.

Zamani ModemManager ililitamka neno hilo yenyewe kwa baadhi ya kadi. Kuanzia toleo la 1.18.4 iliacha, na sasa inamtaka mwenye mashine aruhusu kwa mkono wake. Ubuntu 22.04 na Debian 12 ziko upande huu wa mpaka. Skripti za kufungulia zimo tayari kwenye diski yako:

`ls /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d/`

Utaona majina yaliyoandikwa kwa tarakimu kama zile ulizoziandika mwanzoni. Kama yako ipo, iunganishe na folda ya ruhusa. Kwa EM7455 ya Lenovo:

`sudo ln -snf /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d/1199:9079 /etc/ModemManager/fcc-unlock.d/1199:9079`

Kisha:

`sudo systemctl restart ModemManager`

Subiri nusu dakika, rudia `mmcli -m any`. Namba ya modemu itakuwa imebadilika, ndiyo sababu natumia `any` kila mahali. Ukiijaribu tena amri ya `--enable`, safari hii inapita. Mwalimu aliniuliza, "Ni hivyo tu?" Nikamwambia ni hivyo tu, sikumweleza habari za Jumamosi.

Kama haikupita, jaribu kulitamka neno kwa mkono uone kadi inajibu nini:

`sudo qmicli -p --device-open-mbim -d /dev/cdc-wdm0 --dms-set-fcc-authentication`

Ikikubali kwa mkono na kukataa kwa skripti, basi mara nyingi `libqmi-utils` haikusakinishwa, maana skripti inaitegemea `qmicli`. Majibu mengine yote utayakuta kwenye `journalctl -u ModemManager -b`. Na kama tarakimu za kadi yako hazina skripti, usichukue ya kadi nyingine ukaibadilisha jina. Neno la kadi moja si la nyingine.

APN, kisha mtandao

Kwenye GNOME unaweza kwenda Settings, Mobile Network, uchague Kenya na kampuni. Mimi hupenda amri moja kwa sababu naweza kuituma kwa mtu kwa WhatsApp:

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name saf apn safaricom user saf password data`

Hiyo ni ya Safaricom. Kwa Airtel, APN ni `internet`, jina na neno la siri yaache. Washa:

`nmcli radio wwan on`
`nmcli connection up saf`

Ikisajiliwa kwenye mnara lakini data isipite, kadi nyingine zinataka zijue APN mapema, wakati wa kujisajili kwenye 4G. Ipe hivi, kisha uunganishe upya:

`sudo mmcli -m any --3gpp-set-initial-eps-bearer-settings="apn=safaricom"`

Usiogope kuacha WiFi na modemu zote zikiwa zimewaka. NetworkManager huipa WiFi kipaumbele, na modemu hushika usukani pale WiFi inapopotea. Ile mvua ya alasiri ikizima kisanduku, simu ya Zoom itakatika sekunde chache, irudi yenyewe.

Nguvu ya mawimbi, kwa namba badala ya vijiti

Vijiti vya kwenye kona ya skrini hudanganya. Andika:

`sudo mmcli -m any --signal-setup=5`
`mmcli -m any --signal-get`

Angalia RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia kadi. Karibu na −80 ni mtandao mzuri sana, −100 unafanya kazi, −115 kwenda chini ni kuhangaika. Mama mmoja wa Kondele alikuwa akipata −118 akiwa mahali ambapo simu yake ilikuwa na mtandao tele. Nilipofungua mfuniko, waya moja ya antena ilikuwa inaning'inia. Fundi aliyemwongezea RAM aliichomoa ili apate nafasi ya mkono na akasahau. Simu ikipata na laptopu isipate mahali pale pale, fungua mfuniko kabla ya kulaumu mnara.

Ukisafiri kwa matatu kwenda Busia, utaona modemu ikishuka 3G na kupanda mara kwa mara. Ukiwa umetulia mahali penye 4G hafifu lakini thabiti, unaweza kuishikilia huko kwa `sudo mmcli -m any --set-allowed-modes='4g'`. Usisahau kuirudisha kwa `'3g|4g'`, la sivyo mahali pasipo na 4G utabaki bila chochote.

Bando lisiishe usiku mmoja

Linux inajua WiFi kama mali isiyolipiwa kwa megabaiti na hujipakulia sasisho inavyotaka. Mara nyingi hutambua yenyewe kuwa laini ya simu ni ya kulipia, lakini mimi huiambia waziwazi:

`nmcli connection modify saf connection.metered yes`

Sasisho za kujiendesha za Ubuntu huheshimu alama hiyo. Snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kusakinisha programu, haiheshimu hadi uiambie:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Niliigundua hiyo ya pili baada ya bando la wiki kuisha kati ya saa nne usiku na asubuhi, laptopu ikiwa peke yake mezani.

Kununua bando bila kuitoa laini kunawezekana kwa kadi nyingi:

`sudo mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate='*544#'`

Menyu itatokea ndani ya terminali, nawe unajibu kwa `--3gpp-ussd-respond=1` na kadhalika. Baadhi ya kadi hukataa zikiwa kwenye 4G. Hizo zishushe 3G kwanza, au mwombe mtu akununulie kwa simu yake, ambayo kusema kweli ni haraka zaidi. Ujumbe wa kuthibitisha utausoma kwa `mmcli -m any --messaging-list-sms`, kisha `mmcli -s` na namba ya ujumbe. Menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini yenyewe haitafunguka, kwa sababu ModemManager haina njia ya kuifungua.

Ukiamsha laptopu na modemu haipo

Hili ndilo litakalokusumbua muda mrefu baada ya mengine kwisha. Umefunga skrini, umepanda boda, umefika, umefungua, modemu imetoweka kwenye orodha. Kufuli la kiwandani hurudi kila kadi inapopoteza umeme, na mara nyingine ModemManager huamka kabla ya kadi. Anza na dawa nyepesi:

`sudo systemctl restart ModemManager`

Hesabu hadi thelathini. Ikikosekana bado, angalia `lsusb`. Kadi ikiwemo kwenye `lsusb` na haimo kwenye `mmcli -L`, rudia amri ile mara moja zaidi. Isipokuwemo hata kwenye `lsusb`, zima laptopu kabisa, hesabu kumi, iwashe. Kuanzisha upya bila kuzima hakutoshi kwa sababu kadi inaendelea kupata umeme na kubaki ilivyoganda. Mwalimu wa Luanda ameandika amri ile ya kwanza kwenye kikaratasi na kukibandika karibu na kipanya cha kugusa, na wanafunzi wake wa kompyuta wameshaikariri.